Kidhibiti jeni kilichokwama: uchambuzi wa kisa kimoja cha lukemia kali ya promyelosaiti

Usuli

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hana ugonjwa wa awali. Alifika hospitali ya rufaa akilalamika kwamba hedhi imekataa kukatika kwa wiki mbili, fizi zinatoka damu akipiga mswaki, na mapajani ana michubuko ambayo hakumbuki kujigonga. Umri kamili, tarehe na kila kinachoweza kumtambulisha vimeondolewa. Namba za maabara zimebakizwa, maana bila hizo kisa hiki hakifundishi kitu.

Picha ya damu ya kwanza: chembe nyeupe 2.9 × 10⁹ kwa lita, himoglobini 7.6 g/dL, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 16 × 10⁹ kwa lita. Ugandaji wa damu: INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) 1.7, fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) 0.9 g/L, na D-dimeri (mabaki ya damu iliyoganda na kuyeyushwa) iliyopita kiwango cha juu ambacho mashine inaweza kusoma. Kipimo cha ujauzito hasi. Uzito kilo 58, urefu sentimita 160.

Zamu iliyompokea iliandika "maambukizi makali ya kizazi yaliyovuruga ugandaji", ikaanza antibiotiki na kuagiza damu. Fikra hiyo ina mantiki yake, kwa kuwa maambukizi makali huweza kumaliza fibrinojeni na chembe sahani. Lakini mgonjwa hakuwa na homa, shinikizo la damu lilikuwa la kawaida, na kizazi hakikuuma alipopimwa. Slaidi ya damu haikutazamwa kwa hadubini. Chembe nyeupe zilikuwa chache kiasi kwamba mashine haikutoa onyo lolote la seli changa, na namba zikapelekwa wodini kama zilivyo.

Saa 14 baadaye fundi wa maabara wa zamu ya usiku alipaka slaidi kwa sababu chembe sahani zilikuwa chini ya 20, na utaratibu wa maabara yake unamtaka athibitishe kwa macho. Aliona seli kubwa chache zenye chembechembe nyingi za rangi ya zambarau iliyokolea, kiini cha umbo la figo au kilichogawanyika pande mbili, na ndani ya seli mbili vijiti vya Auer, alama ya seli za lukemia, vilivyorundikana kama kuni za mzigo. Hakusubiri kupakia majibu kwenye mfumo, alipiga simu wodini.

Kilichovunjika ndani ya seli

Bila sehemu hii, maamuzi yaliyofuata yataonekana kama orodha ya kukariri.

Katika lukemia kali ya promyelosaiti, saratani ya damu ambamo chembe nyeupe changa ziitwazo promyelosaiti hazikomai, kipande cha kromosomu ya 15 na kipande cha kromosomu ya 17 hubadilishana mahali. Jeni mbili zinaungana, PML na RARA, na seli inaanza kutengeneza protini moja ya mseto. RARA ya kawaida ni kidhibiti jeni: hukaa juu ya DNA ikiwa imeshikana na mwenzake RXR, kwenye vituo maalumu vilivyo karibu na jeni za kukomaza chembe nyeupe. Ikiwa haina asidi ya retinoiki, ambayo hutokana na vitamini A, huita protini saidizi za ukandamizaji pamoja na vimeng'enya vinavyovua alama za asetili kwenye histoni, protini ambazo DNA huzungushiwa. DNA hujikunja, jeni zinanyamaza. Asidi ya retinoiki ikiingia kwenye kishimo chake ndani ya RARA, umbo la protini linabadilika, wakandamizaji wanaachia, waamshaji wanaingia, na jeni zinasomwa. Kiasi kidogo sana kinatosha, kati ya nanomola 1 na 10 hivi, ambacho kipo katika damu ya mtu yeyote mwenye afya.

Protini ya mseto inaharibu utaratibu huo mara mbili. Kwanza, sehemu ya PML ina tabia ya kujiunga yenyewe kwa yenyewe, hivyo RARA zinajikusanya kwa mafungu na kuwashika wakandamizaji kwa nguvu ambayo asidi ya retinoiki ya kawaida mwilini haiwezi kuishinda. Seli inafika hatua ya promyelosaiti na kugota hapo, huku ikiendelea kugawanyika. Pili, PML ya kawaida hujenga madoa ndani ya kiini yanayosaidia kuamsha p53, protini inayozuia seli mbovu isijizalishe milele. Mseto unayavunja madoa hayo na kuyatawanya vipandevipande. Kwa hiyo saratani hii ya damu inakua kwa njia mbili kwa mpigo: seli hazikomai, na kizuizi cha kujizalisha kimeondolewa. Watu wengi huikumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili. Ya pili ndiyo inayoamua nani atapona moja kwa moja.

Damu kushindwa kuganda nako kunatoka kwenye seli hizohizo. Promyelosaiti za saratani hii hubeba kwa wingi kichocheo kinachoanzisha ugandaji, na juu ya utando wao kuna aneksini ya aina ya II inayoharakisha kuyeyusha damu iliyoganda. Fibrinojeni inatumika na kuyeyushwa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mgonjwa mwenye chembe nyeupe 2.9 tu aweza kufa kwa kuvuja damu kwenye ubongo kabla hata jina la ugonjwa halijaandikwa kwenye faili.

Mfuatano wa matukio na maamuzi

Siku ya 1, saa mbili baada ya simu ya maabara. Mtaalamu wa damu aliitazama slaidi mwenyewe na kuamuru tretinoini, yaani asidi ya retinoiki ya dawa, ianze usiku uleule bila kusubiri kipimo cha jeni. Dozi ni 45 mg kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku. Eneo la mwili wake lilikuwa 1.6, hivyo 72 mg. Vidonge vikiwa vya 10 mg, alipewa 70 mg, yaani 40 asubuhi na 30 jioni, pamoja na chakula ili dawa ifyonzwe vizuri. Kwa kiwango hiki dawa hufika karibu maikromola moja katika damu, mara mia au zaidi ya kile cha kawaida, na hapo wakandamizaji wanaachia.

Sababu ya kutosubiri ni hesabu rahisi. Kama dhana ni sahihi, kila saa ya kuchelewa ni saa ya hatari ya kuvuja damu. Kama si sahihi, siku mbili za tretinoini hazimdhuru mtu mzima asiye mjamzito. Kipimo cha ujauzito kilikuwa kimeshafanyika, na hilo ni la lazima kwa sababu dawa hii huharibu kijusi.

Sambamba na hilo aliongezewa chembe sahani na kriopresipiteti, sehemu ya damu yenye fibrinojeni nyingi. Malengo yaliandikwa ukutani juu ya kitanda: chembe sahani zisishuke chini ya 40, fibrinojeni isishuke chini ya 1.5 g/L, INR iwe chini ya 1.5, na vipimo virudiwe kila saa 8. Mambo mawili yalikatazwa kwa maandishi: mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na kuchoma sindano ya uti wa mgongo. Daktari mmoja kijana alikuwa ameshaandaa vifaa vya mrija wa shingo, alizuiwa mlangoni.

Siku ya 2. Majibu ya FISH, kipimo kinachoonyesha jeni kwa rangi zinazong'aa, kutoka kwenye uboho: mseto wa PML na RARA kwenye seli 176 kati ya 200. Kipimo cha seli kwa mwanga kilikwenda sawa na hayo kwa alama za juu ya seli: CD33 kali, CD117 ipo, CD34 na HLA-DR hazipo. Sampuli ya PCR, kipimo kinachogundua hata mabaki madogo ya mseto, ilipelekwa ili aina ya mseto ijulikane na itumike kumfuatilia baadaye.

Kwa kuwa chembe nyeupe zilikuwa chini ya 10, aliwekwa kundi la hatari ndogo hadi ya kati. Hapo uchaguzi ulikuwa kati ya tretinoini na kemotherapi, au tretinoini na aseniki trioksidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ukiongozwa na Francesco Lo-Coco wa Italia ulilinganisha njia hizo kwa wagonjwa wa kundi hili: baada ya miaka miwili, 97% ya waliopewa aseniki walikuwa hai bila tukio baya, dhidi ya 86% upande wa kemotherapi. Timu ilichagua aseniki.

Siku ya 3. Aseniki 0.15 mg kwa kilo, yaani 8.7 mg, kwa dripu ya saa mbili kila siku, baada ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na vipimo vya chumvi za damu. Prednisoloni 30 mg kwa siku iliongezwa kama kinga dhidi ya sindromu ya ukomaaji, hali ya hatari inayoletwa na seli nyingi zinazokomaa kwa pamoja.

Siku ya 5 hadi ya 8. Fibrinojeni ilianza kujishikilia yenyewe, na fizi zikakauka siku ya 6. Chembe nyeupe zikapanda: 4.8, 9.1, 15, 21. Wodi ikaingiwa na hofu kwamba saratani inakimbia. Ukweli ulikuwa kinyume. Jeni zilizonyamazishwa zilikuwa zimeanza kusomwa, na mabilioni ya seli yaliyokwama sasa yalikuwa yanakomaa kwa pamoja na kumwagika kutoka kwenye uboho. Haidroksiyurea, dawa ya kupunguza chembe nyeupe, 500 mg mara nne kwa siku ilianza pale chembe hizo zilipopita 10. Hakuna aliyefikiria kuchuja damu kwa mashine ili kupunguza chembe nyeupe, na hilo lilikuwa sawa, kwa sababu katika ugonjwa huu kuchuja kunaweza kuamsha upya uvujaji.

Siku ya 9, alfajiri. Uzito umeongezeka kilo 5.5 tangu siku ya 1. Joto 38.4, pumzi 30 kwa dakika, oksijeni 86% bila msaada. Picha ya kifua inaonyesha ukungu pande zote mbili na maji kidogo kuzunguka mapafu. Chembe nyeupe 27. Zamu iliandika "maji yamezidi kutokana na plazima, pengine na nimonia", ikatoa furosemidi, dawa ya kukojoa, na kubadilisha antibiotiki. Deksamethasoni, steroidi ya kutibu sindromu ya ukomaaji, ilianza saa 11 baadaye, 10 mg kwenye mshipa kila saa 12, wakati mgonjwa ameshahamishiwa chumba cha uangalizi maalumu. Kwa kuwa hali ilikuwa kali, tretinoini na aseniki zote zilisimamishwa kwa muda.

Siku ya 12. Oksijeni 94% kwa msaada mdogo, homa imeisha, uzito umepungua kilo 4. Tretinoini ilirudishwa siku ya 13.

Siku ya 14. Aseniki ilikuwa irudi, lakini mashine ya ECG ilichapa QTc (muda wa umeme wa moyo, QT, uliorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo) ya milisekunde 512, na kikomo ni 500. Potasiamu 3.3, magnesiamu 0.6 mmol/L, zote zimeshushwa na furosemidi. Alikuwa pia anapewa ondansetroni ya kichefuchefu, ambayo nayo hurefusha QT. Mfamasia aligundua jambo jingine. Mashine ilitumia kanuni ya Bazett, ambayo hukuza QTc pale moyo unapokwenda mbio, na mapigo ya mgonjwa yalikuwa 112. QT halisi, kabla ya kurekebishwa, ilikuwa 375. Kwa kanuni ya Fridericia jibu lilikuwa 462. Ondansetroni iliondolewa, potasiamu ikapandishwa juu ya 4.0 na magnesiamu juu ya 0.75, na aseniki ikarudi siku ya 15.

Siku ya 18. Uboho ulichukuliwa tena kwa sababu fomu ya kawaida ya lukemia kali inaagiza hivyo katikati ya matibabu. Jibu: promyelosaiti 41%. Pendekezo likaja la kuongeza kemotherapi kwa kuwa "dawa zimeshindwa".

Mtaalamu wa damu alikataa, na sababu yake ilikuwa kwenye slaidi ileile. Seli nyingi zilikuwa na viini vilivyoanza kukatikakatika kama vya neutrofili, aina ya kawaida ya chembe nyeupe, na baadhi ya neutrofili zilizokomaa kabisa zilikuwa na kijiti cha Auer ndani. FISH ilipofanywa juu yake, mseto wa PML na RARA ulionekana ndani ya neutrofili hizo. Seli za saratani zilikuwa zimegeuka chembe nyeupe za kawaida kwa umbo, zikiwa bado zimebeba kromosomu zilizovunjika. Dawa haikuwa imerekebisha DNA, wala hiyo si kazi yake. Inabomoa na kufungua protini. Jeni ya mseto inabaki mpaka seli yenyewe ife.

Matokeo

Siku ya 41 neutrofili zilikuwa 1.9, chembe sahani 168, na uboho haukuwa na promyelosaiti zisizo za kawaida. PCR ilikuwa bado chanya na, kwa makusudi, haikubadilisha chochote. Aliingia awamu ya uimarishaji: aseniki siku tano kwa wiki, wiki nne ndani na wiki nne nje, duru nne, tretinoini wiki mbili ndani na wiki mbili nje, duru saba. PCR ya uboho ilikuwa hasi baada ya duru ya tatu ya aseniki na ikabaki hivyo. Miaka miwili baadaye hakuwa na dalili ya ugonjwa kurudi. Alishauriwa asibebe mimba wakati wa matibabu na kwa miezi sita baada ya dozi ya mwisho ya aseniki.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Uamuzi uliookoa maisha ulikuwa wa usiku wa kwanza, na ulifanywa kwa slaidi na jicho. FISH iliuthibitisha tu. Katika ugonjwa huu vifo vingi hutokea mwanzoni kabisa, kwa hiyo kipimo chenye uhakika mkubwa kinachokuja kesho kina thamani ndogo kuliko dhana nzuri iliyopo sasa.

Kuunganisha dawa mbili kunahitaji maelezo zaidi, maana hapa ndipo biolojia ya kidhibiti jeni inapoonekana waziwazi. Leif Hillestad wa Norwei alieleza ugonjwa huu mwaka 1957 kuwa unaua ndani ya wiki chache. Mwaka 1988 timu ya Shanghai iliyomhusisha Wang Zhen-yi iliripoti wagonjwa 24 waliotibiwa kwa tretinoini, na wote walipata nafuu kamili, mmoja tu akihitaji kuongezewa dawa nyingine. Lakini waliotegemea tretinoini peke yake kwa kawaida waliugua tena. Seli zao zilikuwa zimekomaa, basi kwa nini ugonjwa urudi?

Jibu liko kwenye ile kazi ya pili ya mseto. Kufungua jeni za ukomaaji kunaondoa wingi wa seli, ila seli chache zinazojizalisha zinabaki kama mseto haujabomolewa wa kutosha. Aseniki hushika sehemu ya PML ya mseto, protini inawekewa alama ya SUMO kisha ya ubikwitini, na proteasomu, mtambo wa seli wa kubomoa protini, inaimaliza. PML ya kawaida inapata nafasi ya kujenga upya madoa yake, p53 inaamka, na zile seli chache zinazojizalisha zinakufa. Tretinoini nayo husababisha ubomoaji, kupitia upande wa RARA. Mseto mmoja unashambuliwa kutoka ncha zote mbili, na njia ya usugu ya dawa moja haiisaidii seli dhidi ya nyingine: mabadiliko kwenye kishimo cha RARA huleta usugu kwa tretinoini, mabadiliko kwenye sehemu ya PML inayoshika aseniki huleta usugu kwa aseniki.

Kilichoshindikana

Saa 14 za mwanzo zilipotea kwa sababu picha ya damu yenye aina zote za chembe zilizopungua, pamoja na fibrinojeni ndogo, haikulazimisha mtu yeyote kutazama slaidi. Maabara nyingi hutegemea onyo la mashine, na mashine inahitaji seli za kutosha ili ionye. Wagonjwa wenye chembe nyeupe chache, ambao wangepona kirahisi zaidi, ndio hasa wanaopita bila kuonekana.

Saa 11 za siku ya 9 ni kosa zito zaidi, kwa maoni ya waliokipitia kisa hiki. Kila dalili ilikuwa na maelezo yake mepesi: maji, nimonia, damu alizoongezewa. Hata hivyo homa, uzito kuongezeka zaidi ya kilo 5, pumzi ya shida na ukungu wa mapafu, kwa mtu aliye katika wiki ya pili ya tretinoini huku chembe nyeupe zikipanda, ni sindromu ya ukomaaji mpaka ithibitishwe vingine. Seli zinazokomaa huongeza protini za kunata, zinatoa saitokini (protini zinazochochea mwasho mwilini) na kujipenyeza kwenye mapafu. Furosemidi inapunguza maji, seli zinabaki palepale. Deksamethasoni inaanza kwa dhana, antibiotiki inaweza kwenda nayo sambamba, na kama baadaye itaonekana ilikuwa nimonia, dozi mbili za steroidi hazijaharibu kitu kikubwa. Prednisoloni ya kinga iliwapa wauguzi imani ya uongo. Inapunguza uwezekano, haiuondoi.

Furosemidi hiyohiyo ndiyo iliyozaa tatizo la siku ya 14. Anayepewa aseniki hapaswi kupewa dawa ya kukojoa bila potasiamu na magnesiamu kupimwa siku hiyohiyo. Orodha ya dawa zinazorefusha QT, kama ondansetroni, antibiotiki za jamii ya siprofloksasini na dawa za kuvu za jamii ya flukonazoli, ilibandikwa kwenye chati baada ya tukio, ilhali mahali pake ni siku ya 1. Flukonazoli ina ubaya wa ziada: inazuia ini kuvunja tretinoini, na dawa ikirundikana shinikizo ndani ya fuvu linaweza kupanda na kuleta kichwa kuuma na kuona mawili.

Uboho wa siku ya 18 haukupaswa kuchukuliwa. Fomu iliyouagiza ilitungwa kwa lukemia zinazotibiwa kwa kuua seli, ambapo seli changa zikibaki wiki ya tatu maana yake dawa imeshindwa. Hapa tiba inakomaza kwanza, na ukomaaji huchukua wiki kadhaa. PCR ya siku ya 41 ilikuwa na udhaifu uleule.

Mipaka ya kisa hiki kwa vidhibiti jeni vingine

Ni rahisi kutoka hapa ukidhani kila saratani inayoendeshwa na kidhibiti jeni inaweza kufunguliwa hivi. RARA ina kishimo cha kupokea homoni, na dawa inapata pa kushika. MYC, kidhibiti jeni kinachochochea saratani nyingi sana, hakina kishimo cha namna hiyo, na mseto wa EWSR1 na FLI1 wa sarkoma ya Ewing, saratani ya mifupa na tishu laini, nao umekuwa mgumu kufikiwa kwa dawa. Njia inayofanana zaidi na kazi ya aseniki iko kwenye mieloma, saratani nyingine ya uboho: dawa ya lenalidomidi huibandika protini ya serebloni kwenye vidhibiti IKZF1 na IKZF3 ili vipelekwe proteasomu. Hata huko, kinachohesabika ni protini kutoweka.

Na si kila mgonjwa mwenye slaidi inayofanana na hii ana mseto huu. Wachache wana RARA iliyoungana na ZBTB16 kutoka kromosomu ya 11. Mseto huo unawashika wakandamizaji hata mbele ya tretinoini nyingi, na aseniki haina PML ya kushika. FISH inayotafuta PML na RARA tu itarudi hasi, au itaonyesha nakala ya ziada ya RARA isiyo na mwenza. Ukiona hivyo, usifunge faili kwa kuandika "hasi". Omba kipimo cha kuvunjika kwa RARA chenyewe, kwa sababu mgonjwa huyo atahitaji kemotherapi, na anaihitaji mapema.